Majibu ya Vipimo vya Virusi kwa Watoto wa Paka: Jinsi ya Kuyasoma Hatua kwa Hatua

Matone machache ya damu, dakika kumi za kusubiri, kisha mstari unajitokeza mahali ambapo mwenye paka alikuwa akiomba usijitokeze. Kwa paka mkubwa, mstari huo tayari una mengi ya kusema. Kwa mtoto wa paka wa wiki nane, mstari huohuo unaweza kuwa unasimulia habari za mama yake, au za chanjo aliyochomwa juzi, au za maambukizi ambayo mwili wake bado unapambana nayo na pengine utayadhibiti. Wapo watoto wa paka wanaodungwa sindano ya kulazwa milele siku ileile ya kipimo cha kwanza, ilhali wangepimwa tena baada ya miezi michache wangeonekana wazima. Mwongozo huu unamlenga mtu aliyeokota watoto wa paka, au anayetaka kumchukua mmoja nyumbani kwenye paka wengine, na ambaye ameshika karatasi ya majibu mkononi na hajui aipokee vipi. Daktari wa mifugo ndiye atakayetibu. Lakini anayekaa na mnyama ndiye anayezijua tarehe, na bila tarehe majibu haya hayasomeki.

Hatua ya kwanza: jua kifaa kinatafuta nini

Kifaa kinachotumika zaidi kliniki hupima virusi viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni kirusi cha leukemia ya paka, kinachoandikwa FeLV, ambacho William Jarrett na wenzake walikitambua huko Glasgow, Scotland, mwaka 1964. Cha pili ni kirusi kinachopunguza kinga ya paka, kinachoandikwa FIV, ambacho wengi hukiita UKIMWI wa paka. Hiki kiligunduliwa mwaka 1986 katika kundi la paka la Petaluma, California, na Niels Pedersen na Janet Yamamoto wa chuo kikuu cha Davis. Virusi vyote viwili ni vya paka na haviambukizi binadamu, jambo ambalo inafaa liambiwe familia nzima mapema kabla jina la UKIMWI halijazua hofu ya kumtupa mnyama nje.

Sasa tazama kifaa chenyewe au karatasi iliyokuja nacho. Mara nyingi utakuta karibu na FeLV pameandikwa Ag, na karibu na FIV pameandikwa Ab. Herufi hizo mbili ndizo ufunguo wa karibu kila kitu kitakachofuata. Ag ni antijeni: kifaa kinatafuta kipande cha kirusi chenyewe, yaani protini iitwayo p27 inayoelea kwenye damu. Ab ni kingamwili: hapa kifaa hakitafuti kirusi hata kidogo, bali askari ambao mwili hutengeneza baada ya kukutana na kirusi. Tatizo ni kwamba askari hao wanaweza kuwa wa kuazima. Mama paka mwenye FIV huwapitishia watoto wake kingamwili kwa wingi kupitia dang'a, yale maziwa ya mwanzo, na kingamwili hizo hubaki kwenye damu ya mtoto kwa wiki kadhaa, wakati mwingine hadi miezi sita, hata kama kirusi chenyewe hakikumgusa.

Aliyewahi kuhudhuria kliniki ya mama na mtoto anaijua tayari kanuni hii. Mtoto mchanga aliyezaliwa na mama mwenye VVU hathibitishwi kwa kipimo cha kingamwili kabla hajatimiza miezi 18, kwa sababu kingamwili za mama zingepotosha jibu. Badala yake huchukuliwa damu kwa kipimo cha PCR, kinachotafuta kirusi chenyewe. Kwa mtoto wa paka mantiki ni hiyohiyo, isipokuwa muda wa kusubiri ni miezi sita.

Hatua ya pili: andika umri na siku ya mwisho ya hatari

Kwa paka aliyeokotwa hakuna cheti cha kuzaliwa, lakini mwili wake unasema. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Meno madogo ya mbele ya utotoni hujitokeza karibu na wiki ya tatu au ya nne. Rangi ya buluu waliyozaliwa nayo machoni huanza kubadilika karibu na wiki ya sita au ya saba, na kufikia wiki ya nane meno yote ya utotoni kwa kawaida huwa yameshaota. Uzito nao husaidia, kwani mtoto wa paka anayelishwa vizuri huongezeka takribani nusu kilo, au pungufu kidogo, kwa kila mwezi wa umri. Lakini aliyedhoofishwa na njaa na minyoo huonekana mdogo kuliko alivyo, kwa hiyo meno yaaminiwe kuliko mizani.

Baada ya umri, andika siku ya mwisho ambayo mtoto huyu angeweza kuambukizwa. Kwa aliyeokotwa pembeni mwa soko, siku hiyo ni ile aliyoingia nyumbani kwako na kutengwa na paka wengine. Kama hakutengwa, akawa anakula sahani moja na paka wa nyumba asiyejulikana hali yake, basi siku ya hatari haijaisha bado na saa ya kusubiri haijaanza kuhesabu. Hapa ndipo watu wengi hujidanganya: wanasema wamesubiri mwezi mzima, kumbe mwezi huo wote mtoto alikuwa akilambwa na paka wa jirani.

Hatua ya tatu: kagua upimaji kabla ya kusoma jibu

Mstari au nukta yenye herufi C ni ya kuthibitisha kwamba kifaa kimefanya kazi. Usipotokea, hakuna jibu, hata kama mistari mingine imetokea. Upimaji unarudiwa kwa kifaa kipya. Jibu husomwa kwa dakika zilizoandikwa na mtengenezaji, ambazo mara nyingi ni kumi. Kifaa kilichosahaulika mezani hadi jioni kikaanza kuonyesha mstari hafifu hakijagundua ugonjwa, kimekauka tu.

Joto ni suala la kweli kwa wakazi wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja. Vifaa hivi huandikwa kwenye pakiti kiwango cha joto la kuhifadhia. Vingine huhitaji jokofu na vingine huvumilia hadi nyuzi 30 za Selsiasi, kiwango ambacho chumba kisicho na feni hukivuka mapema mchana wa Februari. Si utovu wa adabu kumwomba daktari akuonyeshe tarehe ya mwisho ya matumizi. Kilichotoka kwenye jokofu nacho kiachwe kwanza kifikie joto la chumba kabla ya kutumika.

Kosa jingine hufanywa kwa nia ya kubana matumizi: kuchanganya damu ya watoto wanne kwenye kifaa kimoja, au kumpima mama peke yake na kuwahesabu watoto wote kuwa kama yeye. Kuchanganya damu hupunguza makali ya kipimo na huacha swali la nani hasa ameambukizwa. Kwa upande wa leukemia, mama na watoto wake wanaweza kuwa na majibu tofauti kabisa, na hata ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana. Fedha ikiwa haitoshi kuwapima wote, ni heri kuwapima wachache mmoja mmoja na kuwatenga waliobaki.

Hatua ya nne: soma jibu la leukemia

Kwa kuwa hapa kinachotafutwa ni kirusi chenyewe, kingamwili za mama hazina nafasi ya kupotosha, na chanjo ya leukemia kwa kawaida haimfanyi mtoto aonekane chanya, isipokuwa damu ikitolewa muda mfupi baada ya kuchomwa. Mtoto wa umri wowote anaweza kupimwa. Hilo ni jema, kwa sababu watoto wachanga ndio walio dhaifu zaidi mbele ya kirusi hiki, ambacho hupita kwa mate, kwa kulambana, kwa sahani za pamoja, kwa maziwa ya mama na hata tumboni kabla ya kuzaliwa.

Jibu likiwa hasi, lina maana ya hasi kwa siku hiyo. Antijeni huchukua muda kujaa kwenye damu, kwa kawaida hadi siku 30 tangu kuambukizwa, na waliopata kirusi kutoka kwa mama wakati mwingine huchelewa zaidi. Washauri nasaha wa VVU hukiita kipindi hiki dirisha, na neno hilo linafaa hapa pia. Kipimo hurudiwa siku 30 au zaidi baada ya ile siku ya mwisho ya hatari uliyoandika, na mpaka hapo mtoto hachanganywi na paka wengine wa nyumbani.

Jibu likiwa chanya, kazi ndiyo kwanza imeanza. Kwanza upimaji urudiwe kwa damu mpya na, ikiwezekana, kwa kifaa cha mtengenezaji mwingine, kwa sababu chanya ya uongo ipo. Tufanye hesabu ya mfano. Tuchukulie watoto wa paka 1,000 wanaoonekana wazima, ambao kati yao 10 tu ndio wenye kirusi, na kifaa kinachokosea mara 2 katika kila wazima 100. Kifaa kitawanasa wale 10, lakini pia kitawataja kimakosa wapatao 20 kati ya wazima 990. Chanya zote ni 30, na za kweli ni theluthi moja. Kifaa hakina ubaya wowote. Kirusi kikiwa adimu, makosa machache ya kifaa huwa mengi kuliko wagonjwa. Mtoto huyohuyo akiwa amekonda, ana ufizi mweupe kama karatasi na mama yake alikufa kwa ugonjwa usiojulikana, hesabu inabadilika na chanya yake inastahili kuaminiwa zaidi.

Kipimo cha pili nacho kikiwa chanya, tunajua antijeni imo kwenye damu, ila hatujui kama itabaki. Baadhi ya paka hukidhibiti kirusi baada ya wiki kadhaa: antijeni hupotea, mnyama haambukizi tena kwa kawaida, ingawa nakala ya kirusi hubaki imejificha kwenye chembe zake za urithi. Wengine hushindwa, antijeni ikabaki, na hao ndio wanaoishia na upungufu wa damu, uvimbe wa saratani ya tezi au magonjwa nyemelezi, na wengi wao huishi miaka michache tu. Ili kuwatofautisha, hupimwa tena antijeni kwa vipindi, kwa kuwa badiliko kutoka chanya kwenda hasi, kama lipo, huonekana mara nyingi ndani ya wiki 16. Kipimo cha PCR cha damu nzima, inayochukuliwa kwenye kichupa cha mfuniko wa zambarau, huonyesha ile nakala iliyojificha. Antijeni hasi pamoja na PCR chanya humaanisha kirusi kimedhibitiwa lakini hakijaondoka. Paka huyo hatakiwi kuwatolea wenzake damu. Si kila maabara ya mifugo Afrika Mashariki inayofanya PCR hiyo, kwa hiyo uliza kabla damu haijatolewa; isipopatikana, kurudia antijeni kwa tarehe zilizopangwa ni njia halali.

Majibu mawili yasipolingana, la kwanza chanya na la pili hasi, usichague lile unalolipenda. Mtoto hukaa peke yake na hupimwa tena baada ya siku 30 au zaidi.

Hatua ya tano: soma jibu la FIV

Hapa mambo hugeuka. Hasi kwa mtoto wa paka ni habari njema ambayo kwa kawaida huaminika, kwani ina maana kwamba hana kingamwili zake wala za mama. Inabaki tu tahadhari ya dirisha la siku 60 kama aling'atwa na dume la mtaani, maana FIV husafiri zaidi kwa jino linalozama nyamani kuliko kwa kulambana.

Chanya kwa mtoto aliye chini ya miezi sita haipaswi kuitwa ugonjwa. Inasema jambo moja la uhakika kiasi: mama huenda alikuwa na kirusi, au alichanjwa. Kulikuwa na chanjo ya FIV iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2002 na baadaye ikaondolewa sokoni huko; paka aliyechanjwa alibaki na kingamwili zisizotofautishwa na vifaa vingi, na watoto wake walizirithi. Kwa paka wa mitaa ya Lamu au Kariakoo maelezo hayo ya chanjo hayana uzito, hivyo fikiria maambukizi ya mama. Hata hivyo kirusi chenyewe hupita kwa nadra kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto katika maisha ya kawaida, na watoto wengi walioanza na chanya hugeuka hasi kabla ya kufika miezi sita.

Mpango wake ni wa subira. Rudia kipimo baada ya siku 60 hivi. Kikiwa hasi, umemaliza. Kikiwa bado chanya, rudia tena mtoto akishatimiza miezi sita. Chanya baada ya umri huo, ikithibitishwa kwa njia ya pili, ndiyo tunayoweza kuiita maambukizi. PCR inaweza kusaidia mapema ikitoka chanya, lakini ikitoka hasi haimalizi mjadala, kwa sababu kirusi hiki kina sura nyingi na kipimo huzikosa baadhi. Na hata ikithibitika, paka wengi wenye FIV wanaohasiwa, wanaokaa ndani na kulishwa vizuri huishi miaka mingi. Mwongozo uliotolewa mwaka 2020 na chama cha madaktari wa paka cha Marekani unakataza waziwazi kumuua paka kwa sababu ya jibu chanya peke yake, na kwa maoni yangu hilo lingebandikwa kwenye ukuta wa kila kliniki.

Mfano wenye tarehe

Mtoto wa wiki nane anaingia nyumbani tarehe 3 Machi na kutengwa siku hiyohiyo. Umri huo unatupa kuzaliwa kwa makadirio tarehe 6 Januari. Tarehe 5 Machi anapimwa: leukemia hasi, FIV chanya. Leukemia itarudiwa kuanzia tarehe 2 Aprili, ambapo siku 30 tangu kutengwa zimetimia. FIV itarudiwa mapema Mei, na kama bado ni chanya, itarudiwa tena kuanzia tarehe 6 Julai anapotimiza miezi sita. Wakati huo wote anapewa chanjo zake na dawa ya minyoo kama mtoto mwingine yeyote.

Pale ambapo kusubiri ni kosa

Yote niliyosema kuhusu subira hayahusu panleukopenia, ile ambayo wengi huiita parvo ya paka. Mtoto aliyekuwa akicheza jana, leo amelala kichwa kikiwa juu ya bakuli la maji bila kunywa, anatapika, pengine anaharisha: huyu anaweza kufa ndani ya saa chache. Kipimo cha haraka hufanywa kwa kinyesi, na kliniki nyingi hutumia kifaa kilekile cha parvo ya mbwa kwa sababu virusi hivyo ni ndugu wa karibu na kifaa huvinasa vyote.

Chanya kwa mtoto mwenye dalili ichukuliwe kuwa ya kweli na matibabu yaanze. Chanya hafifu kwa mtoto mchangamfu aliyechomwa chanjo hai ndani ya wiki mbili zilizopita inaweza kuwa ni kirusi dhaifu cha chanjo kinachopita tumboni. Mtenge na umwangalie. Hasi ndiyo inayohitaji akili zaidi, kwa kuwa kirusi hutoka kwenye kinyesi kwa muda mfupi na kipimo kinaweza kufika mapema mno au kikachelewa. Hapo daktari huhesabu seli nyeupe za damu: zikiwa chini ya 2,000 kwa kila mikrolita moja kwa mtoto anayetapika, shaka ya panleukopenia inabaki palepale hata kifaa kikikanusha, na hata maabara ndogo yenye darubini pekee inaweza kuona kwenye tone la damu lililotandazwa kwamba seli hizo karibu hazipo.

Tofauti na leukemia na FIV, ambavyo hufa haraka nje ya mwili na kwa sabuni ya kawaida, kirusi hiki hudumu sakafuni na kwenye nguo hadi mwaka mzima. Sakafu isafishwe kwanza kwa sabuni, kisha ipigwe dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, sehemu 1 kwa sehemu 32 za maji, ikae dakika kumi na ioshwe. Zile dawa za kuua viini zinazogeuza maji kuwa meupe hazitegemewi dhidi ya kirusi hiki, na nyingi ni sumu kwa paka.

Majibu mawili yanayotisha bure

Karatasi inayoonyesha kingamwili za korona ya paka, kwa mfano 1:400, haisemi kwamba mtoto ana ule ugonjwa wa kujaa maji tumboni uitwao FIP. Inasema alikutana na korona ya paka, ambayo si ile ya UVIKO-19, na watoto wengi waliokulia kwenye kundi wamekutana nayo. Aliye chini ya wiki kumi anaweza hata kuwa amebeba kingamwili za mama. FIP hutafutwa kwa dalili, kwa maji yenyewe ya tumboni au kifuani, na kwa uwiano wa protini za damu. Vilevile PCR ya mafua ya paka ikikuta virusi vya herpes au kalisi kwa mtoto asiye na makamasi, mara nyingi imekuta mpangaji, si mhalifu. Tibu mtoto anayeumwa, usitibu karatasi.

Kuhusu kichaa cha mbwa, ambacho paka pia hukipata, hakuna kipimo cha kuaminika kwa mnyama aliye hai. Uthibitisho hutoka kwenye ubongo baada ya kifo. Mtoto wa paka asiyejulikana akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo, bila kusubiri kipimo chochote cha paka.

Unapomkabidhi mtu mwingine

Mtoto wa paka anayehama nyumba katikati ya ratiba hii ndiye anayepotea kwenye hesabu: mwenyeji mpya husikia tu kwamba alipimwa na ni mzima, au kwamba ana UKIMWI. Kwenye kadi yake ya chanjo andika kwa kalamu isiyofutika tarehe ya kila kipimo, umri wake siku hiyo, kama ilikuwa Ag, Ab au PCR, jina la kifaa, jibu, siku aliyotengwa, na tarehe ambayo kipimo kinachofuata kinadaiwa. Kama kifaa kilitoa mstari hafifu, kipige picha muda wa kusoma ukitimia na uitume pamoja na kadi, kwa sababu baada ya siku mbili mstari huo hautafanana tena na ulivyokuwa.